Birika moja au ndoo mia: kugawa RAM ya kanzidata ya duka la mtandaoni

Simu ilikuja saa nne na robo usiku, saumu ya ishirini na nane, watu ndio kwanza wanatoka tarawehe. Mama mmoja mwenye duka la mabaibui na kanzu za watoto pale Mwembetanga, ambaye siku hizi biashara yake kubwa ya sikukuu hupita mtandaoni, hakungoja hata nimwamkie. "Mwanangu, duka limelala. Watu wa Chake wananipigia, wanasema wakibonyeza hawaoni kitu." Nikamwamkia, nikamwomba dakika kumi, nikafungua kompyuta juu ya meza ambayo bado ilikuwa na sahani za futari.

Kwenye logi ya seva palikuwa na mstari mmoja wa maana:

Out of memory: Killed process 1187 (mysqld)

RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, ilikwisha. Linux, mfumo unaoendesha seva, ikatazama nani anakula zaidi, ikamuua. Na kwenye seva ya duka anayekula zaidi mara nyingi ni kanzidata, ghala la data zote za duka. Seva yenyewe ilikuwa ya kukodi, RAM GB 4, ndani yake WordPress (inayoendesha tovuti), WooCommerce (inayoigeuza duka) na MySQL (kanzidata yenyewe) vyote kwa pamoja. Faili la mipangilio lilikuwa na haya:

max_connections = 500
sort_buffer_size = 32M
join_buffer_size = 32M

Aliyeyaandika kabla yangu alikuwa na nia njema. Duka lilikuwa zito, akatafuta mahali, akakuta mtu kaandika hivyo kwa mashine kubwa, akanakili. Kilichonichekesha, usiku ule nikiwa sina hata hamu ya kucheka, ni kwamba `innodb_buffer_pool_size` hakuigusa kabisa. Ilikuwa bado MB 128, vile inavyokuja ikiwa haijaguswa na mtu.

Tangu siku hiyo kila mwenye duka akiniuliza "niongeze RAM au nibadilishe mipangilio?" namjibu kwa kumlinganishia mambo kadhaa. Nayaandika hapa kwa utaratibu wa kazi ninavyoufuata, na pale ninapopendelea upande mmoja nitasema.

Birika na ndoo

Misikiti ya zamani ilikuwa na birika la kutawadhia, wote wanachota humo. Sasa fikiria ua wa msikiti ambao mbali na birika, kila anayeingia anakabidhiwa ndoo yake aitue chini. Ua ni uleule. Ukipanua birika, nafasi ya ndoo inapungua. Ukimpa kila mtu ndoo kubwa, siku ya watu watano hutaona kitu, lakini Ijumaa watu watakosa pa kusimama.

Birika kwenye MySQL na ndugu yake MariaDB ni `innodb_buffer_pool_size`. Humo zinakaa kurasa za majedwali na faharasa, kila ukurasa KB 16, ili kanzidata isiende kusoma diski kila mara. Ni la wote: bei ya mdalasini ikishasomwa mara moja, mteja wa pili na wa mia wanaipata humo humo.

Ndoo ni vitu kama `sort_buffer_size`, `join_buffer_size`, `read_buffer_size` na `read_rnd_buffer_size`. Hizi kila muunganisho unachukua zake, na hakuna anayefaidi ya mwenzake. Kwenye MySQL 8 zinakuja na KB 256, KB 256, KB 128 na KB 256, kwa hiyo jumla haifiki hata MB 1. Miunganisho inayoruhusiwa mwanzoni ni 151. Hata wote wakija na ndoo zao, ua unatosha.

Rudi kwa yule mama. MB 32 na MB 32 ni MB 64. Zidisha kwa 500: MB 32,000. Kwenye mashine ya GB 4! Kweli, MySQL haichukui zote kwa mpigo, inachukua pale swali, yaani ombi la data linalopelekwa kwenye kanzidata, linapohitaji kupanga au kuunganisha majedwali. Ndiyo maana duka lilikwenda miezi kadhaa bila kelele. Usiku wa mwezi 28 watu mia wakachuja kwa pamoja "kanzu, miaka 4 hadi 6, bei kuanzia ya chini", na kila mchujo ule ni kupanga na kuunganisha.

Kwa hiyo ulinganisho wa kwanza kwangu hauna mjadala. Ukiwa na MB 500 za ziada, zitie kwenye birika. Ndoo ziache zilivyo, na ikiwa kuna ripoti moja nzito ya mwisho wa mwezi inayohitaji ndoo kubwa, ipe yenyewe peke yake kwa kikao kile:

SET SESSION sort_buffer_size = 8388608;

Hiyo ni MB 8, na kikao kikifungwa imekwisha.

Kuacha ilivyo au kupanua birika

Wapo wanaosema mipangilio ya mwanzo imewekwa na wenye akili, usiiguse. Kwa ndoo nakubali. Kwa birika hapana: MB 128 zimewekwa ili MySQL iwake hata kwenye kijimashine kidogo, basi.

Lakini kabla ya kupanua, pima. Uliza kwanza data yako ina ukubwa gani:

SELECT ROUND(SUM(data_length + index_length)/1024/1024) FROM information_schema.tables WHERE engine = 'InnoDB';

InnoDB ni aina ya majedwali ambayo MySQL huitumia kwa kawaida. Jibu linakuja kwa MB. Duka la viungo lenye bidhaa mia nne linaweza kukupa MB 300, na hapo birika la MB 512 linameza kila kitu na kubakiza. Hakuna haja ya kumkodishia mtu seva ya GB 16 kwa sababu tu anauza iliki na kungumanga. Duka la nguo lenye saizi na rangi kwa kila bidhaa ni habari nyingine, kwa sababu kila saizi na kila rangi ni safu zake kwenye jedwali la `wp_postmeta`, linaloshika maelezo ya ziada ya bidhaa, na jedwali hilo hunenepa haraka kuliko unavyodhani.

Halafu tazama birika linatosha au halitoshi:

SHOW GLOBAL STATUS LIKE 'Innodb_buffer_pool_read%';

Namba mbili ndizo za kutazama. `Innodb_buffer_pool_read_requests` ni mara ngapi ukurasa umetakiwa, `Innodb_buffer_pool_reads` ni mara ngapi haukuwamo ikabidi kwenda diski. Usitazame jumla tangu seva iwashwe, maana asubuhi ya kwanza birika huwa tupu na namba zinadanganya. Andika namba saa nne usiku, andika tena saa tano, toa. Ikiwa katika saa hiyo iliyochangamka safari za diski zimeongezeka kidogo tu, birika linatosha na uzito wa duka lako unatoka kwingine. Ikiwa zinapanda kwa maelfu kila dakika, panua.

Kupanua hakuhitaji kuzima chochote tangu MySQL 5.7:

SET GLOBAL innodb_buffer_pool_size = 1073741824;

Hiyo ni GB 1. MySQL itazungusha namba iende sawa na vipande vyake vya MB 128, usishangae ukiona imekuwa tofauti kidogo. Ila amri hii ikiachwa peke yake inasahauliwa seva ikizimwa. Kwenye MySQL 8 andika `SET PERSIST` badala ya `SET GLOBAL`. Kwenye MariaDB hakuna hiyo, lazima uingie kwenye faili uandike mwenyewe. Nimeshamwona fundi akirudi kutibu ugonjwa uleule mara tatu kwa sababu hii.

Mashine moja au mashine mbili

Hapa ndipo watu wanapopotea zaidi, kwa sababu ushauri uliozagaa ni "ipe kanzidata asilimia 70 mpaka 80 ya RAM". Ushauri ni sahihi kwa mashine ambayo kanzidata inakaa peke yake. Maduka mengi ninayoyahudumia Unguja na Pemba yako kwenye mashine moja yenye kila kitu, na hapo asilimia 80 ni kaburi.

Chukua ile ya GB 4. Mfumo wenyewe na huduma zake ndogondogo, tuseme MB 500. PHP, lugha inayotengeneza kurasa za duka: ukiruhusu wafanyakazi 10 (nakala zake zinazohudumia wateja kwa wakati mmoja), na mmoja wa WooCommerce akila MB 120, hiyo ni GB 1.2. Redis, kache inayoshikilia majibu kwenye RAM, ukiitia, MB 128. MySQL nje ya birika, yaani ndoo, majedwali ya muda na `performance_schema` (kipima mwenendo cha MySQL yenyewe), itengee MB 500. Bado hujagusa birika na umeshatumia zaidi ya GB 2.3. Kwa hiyo birika la GB 1 ndilo la haki, na zile MB 700 zinazobaki usizione kama zimelala bure. Linux inazitumia kushikia faili za picha, na ndizo zitakazokuokoa siku ya wingi wa watu.

Kwenye GB 2 mambo ni ya kubana. Wafanyakazi watano wa PHP, birika MB 256, ikiwezekana MB 384, na `performance_schema` nazima kabisa kwenye MySQL kwa sababu nayo inakula. Kwenye MariaDB inakuja ikiwa imezimwa. Duka la mikoba ya ukili na sabuni za mwani linalopata wateja wachache kwa siku linaishi humo bila shida. La nguo za sikukuu, hapana, usimdanganye mwenyewe.

Kwenye GB 8 zenye kila kitu pamoja, birika la GB 3 linaanza kuwa starehe.

Mashine mbili sasa. Duka kwenye moja, kanzidata kwenye nyingine. Hapo asilimia zile zinafanya kazi: GB 8 za kanzidata peke yake, birika GB 6. MySQL 8 ina hata swichi ya kukufanyia hesabu, `innodb_dedicated_server`: RAM ikiwa kati ya GB 1 na GB 4 inachukua nusu, ikizidi GB 4 inachukua robo tatu. Ni nzuri, lakini jina lake lisomwe vizuri. Ukiiwasha kwenye mashine ya GB 8 ambayo PHP nayo imo, itachukua GB 6 kana kwamba nyumba ni yake peke yake, na wapangaji wengine watajua wenyewe.

Faida ya pili ya mashine mbili wengi hawaisemi: PHP ikichachamaa haiiui kanzidata. Lile jambo la mwezi 28 lisingetokea kwa namna ile.

Hasara ni gharama, na umbali. Mashine zote mbili ziwe kituo kimoja cha data. Nilishakuta duka limewekwa Johannesburg na kanzidata Frankfurt, kwa sababu tu ile ya pili ilikuwa na punguzo. Ukurasa mmoja wa bidhaa unaweza kuuliza maswali 60 kwa kanzidata, moja baada ya jingine. Ikiwa kwenda na kurudi ni milisekunde 150, hizo ni sekunde 9 za kusubiri ambazo hakuna RAM itakayoziondoa. Afadhali mashine moja iliyobanwa.

Wapo pia wanaokodi kanzidata inayotunzwa na mwenye huduma. Amazon RDS kwa MySQL, kwa mfano, inakuja na birika la robo tatu ya RAM bila wewe kugusa. Unalipa zaidi, unalala. Kwa duka lisilo na fundi wake wa kudumu naipendelea kuliko mashine mbili za kujitunzia, sharti duka lenyewe liwe kwenye eneo hilohilo.

MySQL, MariaDB au PostgreSQL

Kwa kweli hili si chaguo lako. Jukwaa la duka limeshakuchagulia. WooCommerce, Magento, PrestaShop na OpenCart ni za MySQL au MariaDB. Odoo, ambayo baadhi ya wafanyabiashara huichukua kwa sababu inashika na hesabu za stoo, ni PostgreSQL. Na ukiwa Shopify kanzidata huioni kabisa, makala hii haikuhusu.

Ila kujua tofauti kunakuepusha na kunakili mipangilio ya ndugu mmoja ukamtia mwingine. MariaDB ilizaliwa kutokana na MySQL mwaka 2009, na kwa birika zinafanana: MB 128 mwanzoni, kanuni zilezile. Kwenye ndoo zinatofautiana: `sort_buffer_size` ya MariaDB ni MB 2, si KB 256, na `key_buffer_size` ni MB 128 wakati ya MySQL ni MB 8. Hiyo ya pili inahudumia majedwali ya aina ya MyISAM tu. Ikiwa majedwali yako yote ni InnoDB, na kwa duka la leo yanapaswa kuwa hivyo, ishushe mpaka MB 16. MariaDB bado inayo ile kache ya majibu iliyoondolewa MySQL 8, ingawa inakuja imezimwa. Iache imezimwa. Kila oda ikiingia inafuta majibu yote yaliyohusu jedwali lile, na duka ni mahali ambapo oda zinaingia, au ndivyo tunavyoomba.

PostgreSQL inafikiri kwa namna nyingine. Birika lake linaitwa `shared_buffers`, nalo huanza na MB 128, lakini kipimo kinachoshauriwa ni robo ya RAM tu hata mashine ikiwa yake peke yake. Sababu ni kwamba inaitegemea Linux kushikilia faili nyingine kwenye RAM iliyo wazi, wakati InnoDB inapenda kushika yenyewe. Ndiyo maana kwenye MySQL 8.0 naandika `innodb_flush_method = O_DIRECT`, ili ukurasa mmoja usikae mara mbili, kwenye birika na kwenye kache ya Linux. Na ndoo ya PostgreSQL, `work_mem`, ni ya kuogopwa zaidi: MB 4 inazoanza nazo si kwa kila mtu, ni kwa kila kazi ndani ya swali, na swali moja linaweza kuwa na kazi kadhaa. Aliyezoea MySQL akiiandikia MB 64 anaweza kuimaliza RAM na watu ishirini tu.

Ukiwa unaanza upya na WooCommerce, MariaDB au MySQL, chukua ile ambayo fundi wako ameizoea. Tofauti ya kasi kwa duka la ukubwa wetu ni ndogo kuliko tofauti ya fundi anayejua anachokifanya.

RAM, Redis au ufagio

Hili la ufagio ndilo la bei rahisi na ndilo linalorukwa. Kabla hujalipia RAM, angalia `wp_actionscheduler_logs`, `wp_woocommerce_sessions` na zile safu za `wp_options` zinazopakiwa kila ukurasa hata zisipohitajika. Plagini (programu ya nyongeza) iliyoondolewa miaka miwili iliyopita mara nyingi imeacha mizigo yake humo. Nimeona kanzidata ikipungua karibu nusu kwa kusafishwa tu, na birika lilelile likatosha. Na kama duka ni la zamani, hamishia oda kwenye majedwali yake maalumu. Tangu WooCommerce 8.2 ya Oktoba 2023 maduka mapya yanaanza hivyo, ya zamani lazima uhamishe mwenyewe. Fanya nakala ya akiba kwanza, tafadhali.

Redis inafanya kazi tofauti na birika. Birika linaharakisha jibu, Redis inafanya swali lisiulizwe kabisa. Kwa duka lenye kurasa nyingi za kutazamwa, mfano viungo na vikapu ambavyo mtalii huvitazama hotelini Nungwi kabla hajaamua, Redis ya MB 128 inaweza kukusaidia kuliko birika kutoka GB 1 kwenda GB 1.5. Kwa kikapu na malipo haisaidii sana, hapo kila mtu ana yake. Muhimu ni kuiwekea kikomo, `maxmemory 128mb` na `maxmemory-policy allkeys-lru` (ikijaa, itupe yasiyotumika kwa muda mrefu), la sivyo umeingiza mlaji mwingine kwenye ua uleule.

RAM zaidi ndiyo ya mwisho, na sidharau. Ikiwa umesafisha, ndoo ziko ndogo, Redis ina kikomo, na safari za diski bado ni nyingi, lipa.

Kwa wachache wenye seva dukani kwao, chini ya kaunta: hapa Unguja tulishakaa miezi mitatu bila umeme, kuanzia Disemba 2009. Usishawishike kushusha `innodb_flush_log_at_trx_commit`, mpangilio unaotaka kila oda iandikwe diski papo hapo, kutoka 1 kwenda 2 ili upate kasi. Umeme ukikatika unaweza kupoteza oda za sekunde nzima, na huenda mteja ameshalipa kwa simu.

Usiku ule wa mwezi 28 sikuwa na muda wa ulinganisho wote huu. Nilifuta mistari miwili ya ndoo ili zirudi KB 256. `max_connections` nikaiweka 40, kwa sababu PHP ilikuwa na wafanyakazi 12 tu, kila mmoja huwa na muunganisho mmoja, na miunganisho iliyobaki inatosha kazi za ratiba, nakala ya akiba na mimi mwenyewe. Birika GB 1. Nikaiwasha tena. Dakika za mwanzo duka lilijikokota, birika likijaa taratibu, mama akanipigia tena: "Limefunguka lakini linatembea kama bibi." Nikamwambia asubiri. Saa tano kasoro alinitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake nasikia wasichana wake wakifunga mizigo ya Wete ya boti ya asubuhi, akiniuliza kama ninazo namba za mtu wa gari.

Mashine yake mpaka leo ni ileile ya GB 4.